Taa za nyuma za LED nilizofunga mwenyewe kwenye Carina: breki ilikuwa haionekani (uzi mrefu, hasa kwa wanaopita Isyonje, Iwambi na Kitonga)

#1 Mleta uzi, Uyole

Habari za jioni wakuu.

Kuna jambo limenikaa moyoni tangu masika, nimeona nisilibebe peke yangu. Kila nikipita Mwanjelwa hapa Mbeya naona gari jingine limeng'olewa globu za nyuma na kuwekwa LED za kutengeneza kwa mkono, na mengi yana kosa lile lile nililofanya mimi. Kosa hilo linaweza kumuua mtu, kwa hiyo naomba mnivumilie, nitaandika kwa kirefu.

Gari langu ni Toyota Carina Ti. Nilifungua taa zote mbili za nyuma, nikatoa globu, nikatengeneza ubao wa LED nyekundu 36 kila upande, nikazipanga duara ndani ya duara. Kulehemu nilikuwa nakuweza kwa sababu nimekua nikitengeneza redio za jirani. Usiku zilipendeza mno. Kwenye kituo cha mafuta watu walikuwa wanazunguka nyuma kuziangalia.

Mwezi wa nne nilikuwa natoka Tukuyu kumwona mama. Wanaoijua Isyonje wanajua ukungu wa pale: saa nane mchana unawasha taa kama vile ni saa mbili usiku, na mvua haijulikani inatoka juu au pembeni. Nyuma yangu kulikuwa na Fuso la ndizi tangu Kiwira. Nilikuwa nakanyaga breki mara kwa mara maana mbele kulikuwa na daladala inayoshusha abiria. Tulipofika Uyole lile Fuso likanipigia honi, likanipita, likapaki mbele yangu. Dereva akashuka, mtu mzima kabisa, koti la mvua mpaka magotini. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza:

"Kijana, gari lako lina breki?"

Nikamwambia zipo mzee, zinashika vizuri.

"Basi mimi sijaziona. Nimeona taa nyekundu inawaka mwanzo mwisho. Mara tatu nimekuja juu yako, mara ya tatu nimemwita Mungu."

Hakunigombeza. Alipanda gari lake akaondoka. Mimi nilibaki pale pale kando ya barabara mpaka miguu ikaacha kutetemeka.

Nilipofika nyumbani nikafanya jaribio ambalo naomba kila mwenye LED za nyuma alifanye leo hii. Nilitundika shuka jeupe, lililoloanishwa maji, hatua moja nyuma ya gari, ili litawanye mwanga kama ukungu unavyofanya. Mwanangu akakaa kwenye usukani, taa ndogo (zile zinazowaka muda wote usiku) zimewashwa. Mimi nikasimama hatua kumi nyuma ya shuka, nimefumba macho. Nikisema "tayari" yeye anaamua mwenyewe akanyage breki au asikanyage, kisha nafumbua macho na kukisia. Katika mara kumi nilikosea nne. Mimi niliyezitengeneza taa hizo kwa mikono yangu, nimesimama, nimetulia, najua ninachotafuta, bado nilikosea nne.

Sasa sababu yake.

Globu ya kawaida ya nyuma ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: wati 5 kwa taa ndogo na wati 21 kwa breki. Ukisoma namba hizo utadhani mwanga wa breki ni mara nne ya ule mdogo. Lakini uzi wa breki umeundwa uwake kwa joto kubwa zaidi, na uzi ukizidi joto mwanga wake unapanda kuliko wati zinavyopanda. Kipimo cha mwanga wa globu hiyo ni lumeni 440 kwa breki na 35 kwa taa ndogo, yaani zaidi ya mara kumi na mbili. Hiyo ndiyo tofauti ambayo jicho la dereva wa nyuma limezoea.

Ubao wangu wa kwanza ulikuwa unapitisha miliampea 230 hivi kwenye breki na karibu 100 kwenye taa ndogo, kwa sababu kwenye waya wa taa ndogo niliweka rizista (kifaa cha kubana umeme) ya omu 47 tu ili usiku zipendeze. Mara mbili na kidogo. Na jicho halihesabu kama mita: mwanga ukipungua kwa nusu, jicho linaona umepungua kidogo tu. Kwenye ukungu halioni tofauti kabisa.

Nilivyoupanga upya ndio huu. Gari likiwa linawaka, betri haina volti 12 bali kati ya 13.8 na 14.4, kwa hiyo hesabu zote zifanyike hapo. LED nyekundu moja inakula karibu volti 2. Nimeziunga tatu tatu mfululizo, volti 6, na kila kundi lina rizista yake ya omu 390. Makundi 12 kila upande. Usije ukaweka rizista moja kwa makundi yote ukidhani unaokoa kazi: kundi moja likifa, umeme wake unagawanywa kwa yaliyobaki, nayo yanafuata moja baada ya jingine.

Waya wa breki unaingia kwenye ubao kupitia dayodi ya 1N4007 (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) peke yake. Waya wa taa ndogo unaingia kupitia dayodi yake, kisha rizista ya omu 330. Ule mstari mweupe kwenye dayodi uelekee kwenye LED. Kwa hesabu hiyo breki inapata miliampea 230 ile ile, taa ndogo inapata 22. Mara kumi. Kila kundi kwenye taa ndogo linapata chini ya miliampea 2, na bado usiku ile taa inaonekana vizuri kabisa kutoka mbali.

Hizo dayodi mbili ndizo watu wanaziruka. Ukiunga waya wa breki na wa taa ndogo mahali pamoja bila dayodi, umeme wa taa ndogo unarudi kinyumenyume kwenye waya wa breki na kutafuta globu ya ile taa ya tatu ya breki kwenye kioo cha nyuma. Globu baridi inaumeza wote, ubao wako hauwaki, na utakesha ukitafuta ubovu kwenye LED ambazo ni nzima. Kama taa ya tatu nayo ni ya LED, itabaki inang'aa hafifu usiku kucha, na hapo dereva wa nyuma anadanganywa tena.

Rangi za waya: kwenye Toyota nyingi mweupe wenye mstari mweusi ni erthi, yaani wa kurudisha umeme kwenye betri. Hizo nyingine usiziamini kwa macho, maana gari limeshapita mikononi mwa mafundi wangapi huko lilikotoka na hapa kwetu. Chukua mita ya kupimia umeme, washa taa ndogo, tafuta waya wenye umeme. Zima. Mtu akanyage breki, tafuta tena. Indiketa vivyo hivyo. Andika kwenye kipande cha tepu, bandika kwenye waya, ndipo ukate. Na kabla ya kukata toa waya wa hasi kwenye betri.

Maungio yote nimelehemu kwa risasi, nikavika ule mpira unaosinyaa ukipashwa joto. Tepu nyeusi peke yake huku kwetu haidumu. Joto la mchana linalainisha gundi, baridi la Juni linaikakamaza, na masika yakifika maji yanaingia. Nilipofungua kazi yangu ya kwanza nilikuta waya mmoja umeota ukungu wa kijani ndani ya tepu. Niliugusa kwa kucha ukakatika kama kiberiti.

Baada ya kubadili rizista na dayodi nilirudia jaribio la shuka. Nilipatia kumi kwa kumi.

Maswali karibuni.

#2 Mdau wa Tukuyu

Mkuu asante sana. Mimi napita Isyonje kila wiki na gari la mizigo midogo, hicho ulichosema nakiona kwa macho yangu. Kuna gari unalifuata hujui linasimama lini.

Swali: kwa sisi ambao si mafundi, zile LED zinazouzwa zikiwa na kitako kama cha globu, unachomeka tu kwenye holda, nazo zina shida hiyo?

#3 Mleta uzi, Uyole

Mkuu zipo nzuri na zipo mbaya, na kwenye pakiti zote zinaandikwa maneno yale yale. Usisome pakiti, fanya jaribio la shuka. Nimemsaidia jirani yangu kupima aina tatu alizonunua, moja tu ndiyo ilifaulu.

Jambo la pili kwenye hizo za kuchomeka ni rangi. Wengi wananunua nyeupe kwa kuwa zinaonekana zina mwanga mkali, wakifikiri kioo chekundu kitazifanya ziwe nyekundu. Globu ya uzi ilikuwa inaweza kwa sababu mwanga wake umejaa wekundu, ukizuia rangi nyingine wekundu mwingi unabaki. LED nyeupe kwa asili ni ya bluu iliyopakwa unga wa njano, wekundu wake ni kidogo. Kioo chekundu kinauzuia ule mwanga mwingi uliolipia, kinachotoka ni hafifu na kina rangi ya waridi. Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, nyuma ya kioo cha chungwa weka ya chungwa. LED nyekundu ndiyo hata ya kwanza kuonekana kwa macho duniani, Nick Holonyak aliitengeneza Marekani mwaka 1962, nyeupe zimekuja miaka ya 1990. Kwa kazi ya breki nyekundu haijapitwa na wakati.

Tatu, angalia vile vitone viwili vya chini ya kitako. Kama vimelika au holda ina kutu, LED itacheza cheza barabara ikiwa mbovu. Sugua kwa msasa laini kabla ya kuchomeka.

#4 Mdau wa Makambako

Mleta uzi umenigusa. Mimi niliweka LED mpaka kwenye indiketa, zikaanza kuwaka kwa haraka, yaani tik tik tik tik kama saa imeharibika. Fundi mmoja akaniambia dawa yake ni zile rizista kubwa za rangi ya dhahabu, akanifungia nne. Mwendo ukatulia kweli. Wiki ya pili nimepaki kwa hazadi karibu na mizani, nasikia harufu ya plastiki. Kufungua buti, zulia limeyeyuka na kuacha shimo la ukubwa wa kiganja, na rizista imezama ndani yake. Nashukuru sikuwa nimebeba dumu la petroli siku hiyo.

Nimezing'oa, nimerudi kwenye kuwaka haraka. Nifanyeje?

#5 Mleta uzi, Uyole

Pole sana kaka, na asante kwa kuandika, hii ni hatari ambayo watu hawaielewi.

Indiketa kuwaka haraka ni ujumbe. Flasha (kile kifaa kinachowasha na kuzima indiketa) ya zamani inapima umeme unaopita. Globu moja ikiungua umeme unapungua, flasha inakimbia ili dereva ajue. LED inakula umeme kidogo, kwa hiyo flasha inadhani globu zimeungua. Ile rizista ya dhahabu kazi yake ni kula umeme bure ili flasha idanganyike. Ya omu 6 kwenye volti 13.8 inakula ampea 2.3, ambazo ni wati 32 za joto tupu kila inapowaka. Ikishafungwa kwenye zulia au plastiki joto hilo halina pa kwenda. Kama mtu hana namna nyingine ni lazima ifungwe kwa skrubu kwenye bati tupu la bodi, mbali na waya na kitambaa, na hata hapo mkono hauwezi kuigusa.

Dawa ya kudumu ni kubadilisha flasha yenyewe, uweke ya elektroniki ambayo mwendo wake hautegemei mzigo. Nyingi ni za miguu mitatu: mmoja unaleta umeme, mmoja unakwenda kwenye taa, mmoja erthi. Chomoa ya zamani uende nayo dukani ulinganishe herufi zilizo kando ya kila mguu, kwa sababu zipo zinazofanana umbo lakini miguu imepishana. Mimi niliikosa Mwanjelwa, nikaagiza Kariakoo ikaja na basi. Ukimaliza hesabu kwa saa: indiketa iwake mara 60 mpaka 120 kwa dakika. Yangu inawaka 84.

Gari ambalo flasha yake imejengewa ndani ya ubao wa kompyuta ni habari nyingine. Hapo ushauri wangu ni uziache globu za kawaida kwenye indiketa, ubadilishe taa ndogo na breki tu.

#6 Dada wa Iringa

Habari zenu. Mimi si fundi ila nina gari na ninashuka mteremko wa Kitonga mara mbili kwa mwezi nikienda Morogoro. Nimefungiwa LED za nyuma na kijana hapa mjini. Tatizo langu: nikikanyaga breki usiku, indiketa ya kulia nayo inang'aa kidogo, na taa ndogo ya upande huo inafifia. Yule kijana amebadilisha LED mara mbili, hali ni ile ile. Kitonga na malori yale nyuma yangu sina amani kabisa. Naomba msaada.

#7 Mleta uzi, Uyole

Dada yangu pole. LED zako huenda hazina kosa lolote. Dalili hizo ni za erthi mbovu upande wa kulia.

Umeme ukiingia kwenye taa ni lazima urudi kwenye betri, na njia ya kurudia ni ule waya wa erthi uliofungwa kwa skrubu kwenye bodi. Skrubu ikishika kutu au ikifungwa juu ya rangi, umeme wa breki ukifika mwisho unakuta njia imebana. Unatafuta njia nyingine, unapanda kupitia indiketa na kurudia huko. Globu ya uzi inahitaji umeme mwingi zaidi ndipo ing'ae. LED inawaka kwa umeme kiduchu, ndiyo maana unaiona inang'aa.

Mwambie kijana afanye hivi mbele yako, haichukui dakika kumi. Mita aiweke kwenye volti. Ncha moja kwenye waya wa erthi pale kwenye taa, nyingine kwenye hasi ya betri (atahitaji waya mrefu kufika mbele). Washa taa ndogo na indiketa, ukanyage breki. Mita isome chini ya volti 0.2. Ikisoma nusu volti au zaidi, erthi ndiyo mgonjwa. Afungue skrubu, asugue bati kwa msasa mpaka ling'ae, aweke kichwa kipya cha waya, afunge kwa nguvu, kisha apake grisi juu kuzuia unyevu. Bora zaidi kila taa iwe na waya wake wa erthi, zisitegemee mmoja wa upande wa pili wa buti.

Na mpaka itengenezwe, nakuomba usishuke Kitonga na gari hilo usiku.

#8 Fundi umeme wa magari, Mafinga

Nimesoma uzi wote. Kijana wangu umefanya kazi nzuri na hesabu zako ziko sawa. Nimefanya kazi hii miaka mingi, naongeza mambo ambayo hukuyataja, na moja sikubaliani nawe.

La kwanza ni pembe. Hizo LED za milimita 5 za kichwa cha duara, nyingi zinarusha mwanga kama tochi nyembamba. Ukisimama nyuma kabisa zinakuchoma macho, ukienda hatua tatu pembeni zimekufa. Barabara zetu ni za kona. Dereva wa lori anakaa juu, na kwenye kona haji nyuma yako moja kwa moja, anakuona kwa upande. Hilo jaribio lako la shuka ulilifanya umesimama katikati, na shuka lenyewe linatawanya mwanga, kwa hiyo limekuficha kosa hili. Rudia bila shuka: simama kushoto, simama kulia, panda juu ya ngazi, halafu chuchumaa. Wanaotengeneza wanunue LED za kichwa bapa zinazotawanya mwanga, au wasage vichwa vyake kwa msasa laini mpaka viwe na rangi ya maziwa.

La pili ni kiakisi. Kwenye taa nyingi kuna kile kipande chekundu chenye vitone kama sega la nyuki, kinarudisha mwanga wa taa za gari la nyuma. Vijana wanakikata ili wapate nafasi ya LED. Gari likizimika usiku pale Nyigo au Sao Hill, betri imekufa, hakuna kinachosema "nipo hapa" zaidi ya kile kipande na pembetatu. Msikiguse.

La tatu ni silikoni. Ile yenye harufu ya siki usiitumie kwenye taa yenye ubao ndani. Ule uchachu unapotoka unakula shaba na miguu ya LED. Tafuta isiyo na harufu hiyo. Na msizibe kile kitundu cha kupumulia kilichopo nyuma ya taa. Mkiziba, hewa ya ndani ikipoa inageuka matone kwenye kioo, na huku Mufindi kwa baridi yetu taa itakuwa inatoka jasho kila asubuhi.

Nisichokubaliana nawe: unasema ulifungua taa. Hukusema ulifunguaje. Taa nyingi za nyuma hazikubandikwa kwa gundi laini kama za mbele, zimeyeyushwa plastiki kwa plastiki kiwandani. Mtu akisoma uzi wako ataipasha joto na kuivuta, atabaki na vipande.

#9 Mleta uzi, Uyole

Shikamoo fundi. Nimepokea yote, na la kufungua ni kweli nililiruka.

Zangu hazikukubali joto. Nilijaribu kwa drayer ya saluni robo saa nzima, kioo kikaanza kupinda pembeni lakini kiungio hakikusogea hata nywele. Nilichofanya ni kukata kwa msumeno mwembamba wa chuma, taratibu, kufuata mstari wa kiungio upande wa nyuma wa taa, siyo upande wa kioo kinachoonekana. Kila taa ilinichukua jioni mbili. Vumbi la plastiki nilitoa kwa brashi ya rangi iliyo kavu kabla ya kuosha, maana likiloana linaganda kwenye vioo vya ndani na halitoki tena. Kufunga nilitumia gundi ya epoksi pande zote, juu yake silikoni. Na ningemshauri mtu anunue taa nyingine iliyotumika afanyie kazi hiyo, taa zake nzima azihifadhi.

La pembe limenipata, fundi. Nimetoka nje sasa hivi nimefanya ulivyosema. Kulia na kushoto zinaonekana, kwa sababu kioo cha Carina kina mistari inayosambaza mwanga. Lakini nilipopanda ngazi, mwanga ulipungua sana, na dereva wa Fuso anakaa urefu huo huo. Jumamosi nazifungua nisage vichwa vya duara la juu.

#10 Mdau wa Mbalizi

Wakuu vipi kuhusu kupuliza rangi nyeusi kwenye kioo ili taa ionekane nyeusi ikiwa imezimwa? Na kile kifaa kinachofanya breki imweke mweke mara kadhaa kabla ya kutulia, nimeviona vyote kwenye gari moja hapa Mbalizi, zinavutia.

#11 Mleta uzi, Uyole

Mkuu rangi nyeusi hapana, nakuomba kwa dhati. Umetoka kupigania tofauti ya mara kumi halafu unaifunika yote kwa kopo moja la rangi, na kiakisi alichosema fundi nacho kinakufa hapo hapo. Jua la mchana likipiga kwenye kioo cha namna hiyo, breki haionekani kabisa.

Cha kumweka mweka sikifungi kwangu. Mmweko wa nyuma dereva amezoea kuusoma kama indiketa au hazadi, na taa ya breki inatakiwa isomwe mara moja bila kufikiri. Faida ya LED kwenye breki tayari ni kubwa: globu ya uzi inachukua kama sehemu mbili za kumi za sekunde kupata mwanga kamili, LED inawaka papo hapo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, muda huo ni mita 4 na zaidi ambazo aliye nyuma yako anaongezewa. Mteremko wa Iwambi, mita 4 ni nyingi.

#12 Dada wa Iringa

Narudi na majibu. Mita ilisoma 1.3 pale kwenye erthi ya kulia. Kijana mwenyewe alishangaa. Skrubu ilikuwa imefungwa juu ya rangi, na chini yake kulikuwa na kutu ya chungwa. Amesugua, ameweka waya mpya mpaka kwenye bati la sakafu ya buti. Sasa inasoma 0.06. Indiketa haing'ai tena. Asante sana kaka, Mungu akuzidishie. Jaribio la shuka nitalifanya leo na mdogo wangu.

#13 Mdau wa Tukuyu

Mimi nimelifanya jana na mke wangu ndiye alikuwa kwenye breki. Nimekosea tatu katika kumi. Za kuchomeka, nyekundu, nilinunua mwenyewe. Nimezitoa, nimerudisha globu. Mkuu nikija Uyole Jumamosi na vifaa, utanionyesha hizo dayodi zinakaaje?

#14 Mleta uzi, Uyole

Karibu sana mkuu, nitakuwepo kuanzia saa tatu asubuhi, na zangu zitakuwa wazi mezani maana nasaga vichwa. Njoo na dayodi nne, rizista za omu 390 ishirini na nne za robo wati na mbili za omu 330 za nusu wati, na LED nyekundu themanini, ili zikiharibika mbili tatu wakati wa kulehemu tusisimame. Ukipata za kichwa bapa chukua hizo. Shuka lipo.